Kasuku wa Burumba na Kimya Chake



Juma hili tumepata barua iliyotoka mbali kuliko tulivyozoea. Mwandishi wake ni dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye yeye na mumewe walihamia Busia kwa biashara ya nguo, wakapanga nyumba mtaa wa Burumba, mwendo mfupi tu kutoka mpakani. Jarida hili hupelekewa na jamaa zake kila apatikanapo msafiri, naye hulisoma pamoja na majirani zake. Anatueleza kuwa miezi mitatu iliyopita mumewe alimnunulia binti yao, mwenye umri wa miaka 9, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, kwa kijana aliyepita mlangoni na kikapu. Kijana huyo aliapa kwamba ndege atasema kila neno la nyumbani kabla ya mwezi kuandama. Mwezi umeandama mara tatu, na kasuku hajatamka hata moja. Hushinda pembeni mwa tundu lake. Mkono ukimkaribia hunguruma mfano wa paka aliyeghadhibika. Macho yake ni ya manjano, na manyoya marefu ya bawa moja yamekatwa.

Majirani wamempa rai mbili. Wa kwanza amesema ndege akatwe ncha ya ulimi, ndipo maneno yatakapofunguka. Wa pili, aliye na huruma zaidi, amesema ndege huyu ana upweke, basi anunuliwe mwenzake amchangamshe na kumfundisha. Na yule kijana wa kikapu yuko tayari kuleta wa pili juma lolote atakaloambiwa. Dada yetu auliza afuate rai ipi.

Rai ya kwanza twaikataa kwa maneno machache, kwa kuwa haistahili mengi. Sauti ya ndege hutoka kwenye kiungo kilicho chini kabisa ya koo, pale njia ya pumzi inapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili. Ulimi kazi yake ni kusaidia kuiumba sauti hiyo, na kumsaidia ndege kula. Anayeukata humtia mnyama maumivu makali, humzuilia riziki yake, na wala haongezi hata herufi moja. Jambo hili ni dhulma tupu.

Rai ya pili ndiyo inayohitaji mazungumzo, kwa sababu nusu yake ni kweli. Ndege yule ana upweke, na kasuku hujifunza kwa wenzake, si kwa amri. Lakini dawa iliyopendekezwa ingeuzidisha ugonjwa wenyewe, na ili kuliona hilo hatuna budi kumtazama ndege huyu alikotoka.

Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu ya Afrika ya kati na magharibi. Makao yake yanaanzia nchi za pwani ya Atlantiki, yanapita Kongo na Uganda, na yanakoma upande wa mashariki katika msitu wa Kakamega, usio mbali sana na hapo Busia, ambako wamebakia wachache mno. Ndege huyu hakuumbwa kukaa peke yake. Jioni hukusanyika kwa mamia katika miti mirefu kulala pamoja. Alfajiri hutawanyika kwa makundi kwenda kutafuta matunda ya mchikichi na mengineyo, wakiitana njia nzima. Mume na mke huandamana miaka mingi. Watoto hutoka katika tundu la mti wakiwa na umri wa miezi mitatu hivi, na bado huwa hawajui chochote: wafuate njia ipi, wale tunda gani, wamkimbie nani. Yote hayo huyasoma kwa wakubwa wao. Qur'ani, katika Suratul-An'aam, imewataja ndege kuwa ni umma mfano wetu sisi, na kwa kasuku mtu haulizi tafsiri. Umma huo auona kwa macho.

Lugha yao nayo ni ya kujifunza. Watafiti waliowarekodi kasuku wa kijivu wa mwituni nchini Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, walichapisha matokeo yao mwaka 1993: ndege wale walikuwa na milio zaidi ya 200, na miongoni mwayo walikuwamo wakiiga sauti za ndege wa aina nyingine, na hata ya popo. Kule Venezuela, katika jamii ya kasuku wadogo wa kijani, mtaalamu Karl Berg na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba kila kinda huwa na mlio wake wa kuitwa, unaofanana na jina, na mlio huo hupewa na wazazi wakiwa wangali kiotani. Kwa hiyo tusemapo kuwa kasuku amesema „salaam", tumesema kwamba ndege amefanya nasi lile ambalo angelifanya na mamaye: amejifunza mlio wa watu anaowahesabu kuwa ni jamaa zake. Asiyekuhesabu jamaa hana haja ya mlio wako.

Sasa tuyarudie macho ya manjano aliyoyataja dada yetu, maana hapo ndipo barua yake ilipotusimamisha. Kinda la kasuku wa kijivu huwa na macho meusi au ya kijivu cha giza. Rangi hufifia kidogo kidogo, na huwa ya manjano ndege akishapita mwaka mmoja na kuelekea wa pili. Ndege yule, basi, si mtoto. Unapoongeza bawa lililokatwa na mngurumo wa hofu, ambao ni ada ya kasuku aliyekamatwa porini, inakuwa vigumu sana kuamini kwamba alizaliwa mikononi mwa watu. Yaelekea alikuwa na kundi lake. Pengine alikuwa na mwenziwe. Kimya chake si ujinga wala ukaidi. Ni kimya cha aliyenyang'anywa watu wote aliokuwa akisema nao.

Na jinsi wanavyonyang'anywa ni jambo ambalo kila anayetaka kumnunulia kasuku mwenzake alijue. Wategaji huchukua kasuku mmoja waliyekwisha mkamata, wakamfunga juu ya mti ambako makundi hupita, na wakapaka ulimbo kwenye vijiti na makuti yaliyomzunguka. Yeye hulia. Wenzake husikia mlio wa ndege wa jinsi yao aliye taabuni, huteremka kumwendea, na miguu na mabawa hunasa. Mapenzi yao ya kuitikiana ndiyo mtego. Kisha hukatwa manyoya, husongamanishwa ndani ya masanduku na vikapu, na wengi hufa kabla ya kumfikia mnunuzi. Anayemwona mmoja tu kikapuni hawaoni waliotupwa njiani.

Abu Daud amepokea habari ya ndege mmoja ambaye baadhi ya Maswahaba waliwachukua makinda yake katika safari. Mama akaja akipiga mabawa juu yao, na Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, akauliza ni nani aliyemhuzunisha kwa kumchukulia wanawe, akaamuru warudishwe. Hatuisemi habari hii kumtia dada yetu hatiani, kwani hakumtega yeye. Tena wanavyuoni wameichukua hadithi mashuhuri ya Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na kindege chake akichezea, na Mtume akamtania na kumpoza kwacho, kuwa ni dalili ya ruhusa ya kufuga ndege, kwa sharti la kulisha, kunywesha na kutoadhibu. Kufuga ni halali. Tunachouliza ni ndege gani, na amefikaje mlangoni.

Ndiyo maana kwa kasuku wa pili jibu letu ni hapana, bila ya kuzunguka. Kila kasuku anunuliwaye kwa ajili ya kumliwaza wa kwanza huagiza ulimbo mwingine msituni, na huyo wa pili atafika akiwa na majonzi yale yale. Biashara hii imekwisha maliza ndege katika nchi nzima nzima: nchini Ghana watafiti walikisia kwamba kasuku hawa wamepungua kwa asilimia kati ya 90 na 99 tangu mwaka 1992. Mwaka 2016, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg, kasuku wa kijivu alihamishiwa daraja ya ulinzi wa juu kabisa ya mkataba wa CITES, na tangu mwaka 2017 ni marufuku kuwafanyia biashara ya kimataifa ndege waliokamatwa mwituni. Mtu hawezi kumvusha ndege huyu kutoka upande wa Uganda akasema ni bidhaa ndogo ndogo ya mpakani, kama anavyovusha ndizi juu ya boda boda, chombo ambacho jina lake lenyewe lilizaliwa hapo hapo kwenye mipaka hiyo.

Kisha kuna hatari ya maradhi. Ndege aliyetoka kikapuni huweza kubeba virusi vinavyooza manyoya na mdomo, na huweza pia kubeba homa ya kasuku, ambayo humpata mwanadamu kwa kuvuta vumbi la kinyesi kilichokauka. Wanaowafuga kwa ujuzi humtenga ndege mgeni katika chumba mbali kwa siku 30 au zaidi kabla ya kumkutanisha na mwenyeji, na hawawaweki tundu moja siku ya kwanza kwa matumaini ya kuwa watapendana. Wanaweza kuumizana vibaya sana.

Linabakia jambo la sheria, nalo ni zito kwa dada yetu mwenyewe. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumweka mnyamapori nyumbani bila ya kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni kosa, na kasuku wa kijivu ni mnyamapori hata akiwa amelelewa sebuleni miaka 20. Wenye kasuku hawa wasiokuwa na vibali walipewa muda wa msamaha mwaka 2024, wajitokeze bila ya kushitakiwa. Muda huo ulikwisha. Hata hivyo shauri letu ni kwamba yeye na mumewe waende wenyewe katika afisi ya KWS iliyo karibu nao, wakaeleze ukweli wote, akiwamo yule kijana na kikapu chake, kabla ya jambo hili kufikishwa na mtu mwingine. Kama wana mzee wa msikiti au wakili wa kufuatana naye, vyema. Hatuwezi kumwahidi kwamba watarudi nyumbani na ndege. Huenda akachukuliwa, akapelekwa anakoweza kuwapata wa jinsi yake. Tunajua kwamba binti yake amempenda, na tunajua tunamwomba nini.

Lakini kati ya leo na siku hiyo, na hata baada yake ikiwa ataruhusiwa kumweka, ndege yumo nyumbani na anateseka. Hapo ndipo ile nusu ya kweli ya jirani wa pili inapofaa: apewe wenzake. Wenzake ni nyinyi.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kasuku aliyetoka porini hesabu hiyo haifai. Miezi mitatu kwake ni kama bado yuko kizingitini. Tundu liondolewe mahali ambapo watu hupita nyuma yake, liegemezwe ukutani upande mmoja, ili awe na mgongo wa kujikinga, na liwe usawa wa kifua cha mtu mzima: chini sana humtisha, juu sana humtenga. Burumba si mahali pa kimya; malori ya mpakani hunguruma usiku kucha, na taa zake hupenya madirishani. Kasuku anahitaji kulala saa kumi hadi kumi na mbili gizani. Basi afunikwe kwa shuka nyepesi ipitishayo hewa baada ya Isha, katika chumba cha ndani kisichoelekea barabara. Jikoni asiwekwe kamwe. Moshi wa makaa humdhuru, na mvuke wa sufuria na vikaango visivyogandisha chakula, vikipata moto kupita kiasi, huweza kumuua ndege kwa dakika chache huku mpishi asisikie harufu yoyote.

Mkono usiingizwe tunduni kumshika. Binti akae karibu, si karibu mno, afanye kazi zake za shule au asome kwa sauti ya kawaida, bila ya kumkodolea macho. Mnyama anayewindwa hujua kwamba jicho la kumkazia ni la mwindaji. Ndege akinyoosha shingo na kubana manyoya, arudi nyuma hatua moja. Akitikisa manyoya yote na kuyaachia, akasimama kwa mguu mmoja, au usiku akisaga mdomo kwa sauti ndogo kama ya mtu atafunaye mchanga, hizo ni dalili za utulivu na zishukuriwe. Familia ile mbele yake. Kasuku hula pamoja na kundi, na mara nyingi chakula cha kwanza atakachokipokea mkononi ni kile alichokuona wewe unakila.

Binti ajifunze pia kumwitikia. Katika msitu kasuku akimpoteza mwenzake machoni humwita, na mwenzake hujibu: nipo. Mtoto achague mbinja moja fupi, isiyobadilika, aipige kila atokapo chumbani na kila arudipo. Siku moja mbinja itajibiwa kutoka tunduni, pengine kwa sauti ya chini mno. Nayo itakuwa kubwa kuliko neno lolote alilolitarajia muuzaji.

Kuhusu maneno, watu wengi humwachia ndege redio au simu ikirudia jambo moja kutwa, kwa kudhani kwamba kukariri ndiko kujifunza. Tumezoea kumtukana mwanafunzi kuwa anakariri kama kasuku, na kumbe tunamsingizia ndege. Bibi Irene Pepperberg, mtaalamu wa Kimarekani, alimnunua kasuku wa kijivu katika duka moja la Chicago mwaka 1977, akamwita Alex, na akaishi naye katika utafiti miaka 30, hata Alex akafa Septemba 2007. Alex alijua majina ya vitu zaidi ya mia, rangi, maumbo, na hesabu ya vitu vichache. Bibi huyo aliwajaribu kasuku wengine kwa kanda za sauti na za video tupu, nao hawakujifunza kutumia maneno. Waliojifunza ni wale waliowaona watu wawili hai wakisemezana mbele yao.

Njia yenyewe, ambayo mwanzilishi wake alikuwa Mjerumani Dietmar Todt miaka ya 1970, ni nyepesi na inafaa sana nyumba yenye ndugu. Mama ashike kipande cha papai mbele ya tundu. Amwonyeshe binti, amwulize: „Hili ni nini?" Binti ajibu: „Papai." Mama amsifu na ampe alile. Kisha wabadilishane, binti awe muulizaji. Mara moja moja mmoja ajibu kwa makusudi neno lisilo sawa. Basi kipande kiondolewe, wala asikemewe, kisha aulizwe tena. Ndege hutazama. Huona kuwa kuna sauti fulani ambayo kwayo jamaa hawa hupeana kitu kizuri, naye yumo nje ya shughuli. Shauku ya kuingia ndani ndiyo inayomfundisha. Dakika kumi asubuhi na kumi alasiri zinatosha, na siku asiyotaka aachwe. Akijaribu hata sauti isiyokamilika, apewe papai hapo hapo; wala asipewe karanga kwa neno papai, maana atachanganyikiwa. Baadaye Alex mwenyewe aliwekwa pamoja na kasuku mdogo aitwaye Griffin, na ikawa Griffin akisitasita katika jibu, mkubwa wake humkatiza na kumtaka aseme vizuri zaidi. Wenye watoto wawili nyumbani hawatastaajabu.

Msimtegee neno mchana. Kasuku wa kijivu hufanya mazoezi faraghani, akidhani hakuna anayemsikia, hasa jua linapotua. Dada yetu, ukimaliza Magharibi, usiwashe taa upesi. Keti nyuma ya pazia usikilize. Utasikia mnong'ono usioeleweka, mchanganyiko wa honi ya lori, mlango wenu unavyolia, na kikohozi cha mzee. Ndani ya takataka hizo ndimo neno hujengeka.

Na nyumba ijue kwamba anasikiliza kila kitu. Maneno ayanasayo upesi zaidi ni yale yanayotamkwa kwa nguvu ya moyo, na kwa bahati mbaya katika nyumba zetu nguvu hiyo huja zaidi wakati wa ugomvi kuliko wakati wa dua. Tumewahi kusikia habari za kasuku wa pwani aliyekuwa akimwita mpwa wa nyumba ile kwa jina na tusi pamoja, mbele ya wageni wa posa. Wasiotaka siri zao zitoke uani ni bora wafuge paka. Wengine hutuuliza kama ndege afundishwe aya za Qur'ani. Kwa maoni yetu salamu yamtosha. Ndege huyasema ayajuayo popote na wakati wowote, akiwamo katika kinyesi chake, na heshima ya maneno yale inatupasa sisi tunaoijua.

Kuhusu ulaji, dada yetu anasema humpa mbegu za alizeti pekee. Hizo zina mafuta mengi, na hazina vitamini A wala madini ya kalsiamu ya kumtosha. Kasuku wa kijivu akipungukiwa na kalsiamu hushikwa na mtetemeko na hata kifafa. Alizeti zigeuke kitoweo cha zawadi. Chakula chake kiwe karoti, boga, papai, maembe, mapera, sukuma wiki, mahindi mabichi, maharage yaliyoiva, na matunda ya mchikichi yakipatikana sokoni. Pilipili ampe bila ya hofu. Mwasho wake haumfikii ndege. Karanga ziwe safi kabisa, zisizo na chumvi wala ukungu, na kama ana shaka nazo aziache. Jua la asubuhi, lisilopita katika kioo, humsaidia kuitumia kalsiamu. Mara mbili tatu kwa juma anyunyiziwe maji safi kama manyunyu ya mvua, mchana, apate kukauka kabla ya usiku. Magharibi ya Kenya ina maparachichi tele, na mtu hupenda kugawana na mgeni kile kilichojaa nyumbani. Lakini parachichi ni sumu kwa kasuku, nyama yake, ganda na kokwa, hata kipande kidogo. Kahawa, chokoleti na vyakula vya chumvi ni vivyo hivyo. Kinyesi kisafishwe kila siku kikiwa kibichi au kilicholowanishwa, kamwe kisifagiliwe kikavu, na mwenye mimba ampe mwingine kazi hiyo.

Manyoya ya bawa yaliyokatwa yataota tena ndege atakapobadilisha manyoya. Yasikatwe mara ya pili. Kama atapelekwa anakoweza kurudishwa porini au hata katika tundu kubwa la pamoja, atayahitaji.

Mwisho wa barua kuna maneno kwa mwandiko mwingine, makubwa na yenye kupinda, ambayo bila shaka ni ya binti mwenyewe. Anauliza ikiwa kasuku ataondoka, je, atamsahau? Tunamjibu, ewe mwanetu, kwamba ndege wa jinsi hii huishi miaka 40 na zaidi na kumbukumbu zake ni ndefu. Wala hukumbuki vibaya yule uliyempigia mbinja naye akaitikia. Anza nayo leo jioni. Usimwite kwa jina la kumwamrisha. Piga mbinja yako, nenda chumba cha pili, ungoje. Ukipata jibu kabla ya siku ya kwenda afisini, tuandikie utueleze lilikuwaje, nasi tutalichapisha hapa.